Singe mbili za babu, zote zimeandikwa 1907 ila hazifanani. Ipi feki?

Kijana wa Cheyo: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Babu yangu alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza), alifika hadi Burma. Katuachia singe mbili, vile visu vya mbele ya bunduki, hapa Tabora. Zote zina taji, GR na 1907. Moja ina tundu kwenye kichwa cha mpini, nyingine haina. Hiyo yenye tundu kibao kimoja cha mpini ni cheusi-cheusi, cha pili chekundu. Baba mdogo kashikilia kwamba hiyo ni feki, na Jumamosi anaipeleka kwa fundi ikapigwe msasa. Nisaidieni.

Nyuki Mkali: Hizo za Mjerumani. Tabora ilikuwa yake mpaka Wabelgiji walipoiteka Septemba 1916.

Mstaafu Ujiji: Nyuki, tulia. GR ni Mfalme George. Singe ya Mjerumani, muundo wa 98/05, inapanuka kuelekea nchani, na mhuri wa taji uko mgongoni mwa bapa.

Mjukuu, 1907 ni mwaka wa muundo, haina maana singe ilitengenezwa mwaka huo. Angalia chini yake, kuna tarakimu ndogo za mwezi na mwaka, kisha jina la kiwanda. Viwanda vilikuwa vingi: Wilkinson, Sanderson, Chapman.

Kijana wa Cheyo: Nimefuta na kitambaa. Isiyo na tundu ina 5 na 15. Yenye tundu, 8 na 18.

Mstaafu Ujiji: Basi zote halali. Tundu lilianza 1916, uchafu na grisi vipate pa kutokea. Za zamani zilitobolewa zikipita karakana. Yako ilipona.

Seremala Isevya: Mpini wa Mwingereza ni mbao ya mjozi. Hicho chekundu, macho yangu yananiambia mninga. Cheki skrubu mbili, kama mifereji imechubuka ujue zilishafunguliwa. Na msasa HAPANA, utakula hizo tarakimu! Mbao ipake mafuta ya kitani kidogo, chuma mafuta ya cherehani, na usiiache ndani ya ala ya ngozi, ngozi inatunza unyevu.

Nyuki Mkali: Mninga wa Burma 😂

Kijana wa Cheyo: Skrubu zimechubuka kweli. Nimemsomea baba mdogo uzi wote, kanuna, halafu kafunguka. Kibao alikipasua yeye akiwa darasa la sita, akichokonoa mzinga wa nyuki. Akachongewa kingine kwa siri huko Kanyenye. Babu hakuwahi kuuliza.

Seremala Isevya: Muulize alimlipa fundi kitu gani. Isije ikawa asali ya babu.