Mjadala: Swichi kubwa za kwenye filamu, zifutwe au zibaki?

Ndugu wasomaji, mafundi umeme ninaofahamiana nao wana lalamiko moja la kudumu juu ya filamu na riwaya za kusisimua. Kila inapofika saa ya hatari, mhusika hukimbilia ukutani akashika swichi yenye mpini wa urefu wa mkono, mabapa yake ya shaba yakiwa wazi bila kifuniko, akaivuta, cheche zikaruka, na ama maiti ikafufuka ama jengo zima likalipuka. Wanasema kifaa hicho ni uongo, kwamba kinamfundisha mtazamaji kuona cheche kuwa dalili ya umeme unaofanya kazi ilhali ni dalili ya umeme unaounguza, na kwamba waandishi wa Kiswahili wangefaa kuachana nacho kabla hakijazoeleka. Mimi napinga, ingawa si kwa ile hoja ya kivivu kwamba hadithi ni hadithi tu.

Tuanzie kwenye asili yake. Riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein, iliyochapishwa mwaka 1818, ya mwanasayansi anayeumba jitu na kulipa uhai, haina swichi hata moja. Victor Frankenstein anakusanya vyombo vyake usiku wa Novemba, anaitaja cheche ya uhai kwa maneno machache, na namna alivyoifanya kazi hiyo anakataa kabisa kuieleza. Mitambo tunayoikumbuka sote ililetwa na filamu ya mwaka 1931 iliyoongozwa na James Whale, ambayo vifaa vyake vya cheche vilitengenezwa na Kenneth Strickfaden, na vilidumu kiasi kwamba mwaka 1974 vilitumika tena katika filamu ya vichekesho inayoikejeli hadithi hiyohiyo. Mwandishi wa kitabu aliweza kuficha njia. Mwongozaji hakuweza, kwa kuwa umeme hauonekani, na mtu anayefanya uamuzi wa kutisha ni lazima aonekane akiufanya kwa mkono.

Hoja yangu hasa ni kuhusu safari ya mpini. Kitufe hakina katikati: ama hujakibonyeza ama umekwisha kukibonyeza. Mpini una mwanzo, una kati na una mwisho, na hapo kati ndipo mtu anapoweza kujuta, kuzuiwa, au kubadili nia. Katika mwendelezo wa filamu ya Whale, wa mwaka 1935, jitu linafika kwenye wenzo ambao ukivutwa utauangusha mnara mzima. Hakuna mhandisi mwenye akili timamu ambaye angefunga wenzo wa namna hiyo mahali anapofanyia kazi mwenyewe, na hapo mafundi wana haki ya kucheka mpaka wachoke. Lakini mkono ukiwa tayari kwenye mpini, jitu linamwamuru muumba wake aondoke na mkewe wakaishi, linamzuia daktari wa pili asitoke, linatokwa na machozi, ndipo linavuta. Mtoeni mpini huo mkaweke kitufe, kisha mniambie machozi yale yatakaa wapi.

Sasa niwape mafundi haki yao, maana hoja yao ina uzito kuliko wao wenyewe wanavyoieleza. Swichi ya mabapa ilikuwa kifaa halisi katika vituo vya umeme vya zamani. Tatizo lake ni kwamba bapa linapoachana na taya zake, mkondo haukatiki papo hapo, bali huruka kwenye upenyo ukawa tao la moto ambalo huila shaba na linaweza kumuunguza aliyeshika. Kadiri mkono unavyovuta polepole, ndivyo tao linavyodumu. Ndiyo maana swichi za baadaye ziliwekewa springi inayokata kwa kasi ileile, awe anayevuta ni mwoga au jasiri, zikafungiwa ndani ya kasha, na zile za mikondo mikubwa zikaendeshwa kwa mbali. Kwa maneno mengine, kile kipindi cha kati ambacho msimulizi anakitamani ndicho ambacho mhandisi amejitahidi kukifuta.

Hata hivyo hakukifuta kila mahali. Nilikulia karibu na banda la video lililokuwa na jenereta, na ukutani palikuwa na chenjiova, yaani swichi ya kuhamisha banda kutoka umeme wa nguzo kwenda wa jenereta, ya wazi juu ya kibao cha kauri, mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Umeme ukikatika, kijana mmoja alikuwa akiutoa mpini juu, upande wa nguzo, akauacha katikati, akatoka nje kuvuta kamba. Jenereta ikikohoa na kuwaka, hakushusha mpini mara moja. Alisimama gizani akisikiliza mpaka mlio utulie, na banda zima likanyamaza pamoja naye, hata msimulizi aliyekuwa akitutafsiria filamu. Pale katikati ya chenjiova pana sababu ya kiufundi: vyanzo viwili visikutane kamwe, umeme wa jenereta usije ukarudi kwenye nyaya za nje na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Sijaona bado filamu iliyonifunga pumzi kama zile sekunde za mpini usiokuwa juu wala chini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka swichi kubwa ifutwe, na sikubaliani pia na wanaoitumia ovyo. Mfano ninaoupenda ni filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, pale mhusika Ellie Sattler anapotakiwa kurudisha umeme. Anapampu mpini mara kadhaa ili kuipa nguvu springi ya breka kubwa, yaani swichi kuu ya umeme, kisha anabonyeza kitufe cha kijani cha kuifunga, yaani kuunganisha mabapa yake ili umeme upite, na baada ya hapo anawasha sehemu moja moja. Breka kubwa za viwandani zina mpini wa namna hiyo kweli. Hofu yote imehamishwa kutoka kwenye kukata hadi kwenye kujaza springi, kazi inayochosha mkono na kula muda, wakati kufunga kwenyewe ni papo hapo kama mhandisi anavyotaka.

Najua kuna watakaonikumbusha tarehe 1 Mei 1893 mjini Chicago, Rais Grover Cleveland alipobonyeza kidude kidogo cha dhahabu kama cha telegrafu, mitambo na chemchemi za maonyesho makubwa zikaanza, na umati ukashangilia bila kuona mpini wowote. Ni kweli, lakini umati ule ulitazama chemchemi, si kidole chake. Aliye peke yake ndani ya chumba cha mitambo, na hatima ya watu iko nje ya ukuta, hana chemchemi ya kutuonyesha; ana mkono wake tu.

Ningependa mafundi wanijibu hasa juu ya chenjiova: je, zile za kujiendesha zenyewe, ambazo sasa zinafungwa hata madukani, zimeacha mahali popote ambapo binadamu bado analazimika kusimama akingoja kabla ya kushusha mpini? Na nyinyi waandishi, kama mahali hapo pangalipo, ni nani kati yenu aliyekwisha kupaandika?