Wakuu naombeni ushauri, naandika wasifu wa mama nimekwama mstari mmoja tu

Kitindamimba
Habari za jioni wakuu. Mama yetu alitutoka mwanzoni mwa mwezi wa tano huku Newala, Jumamosi hii ni misa ya arobaini na familia imenitupia mimi kuandika wasifu eti kwa sababu nimefika chuo. Kuzaliwa nimemaliza, 1943. Ndoa nimemaliza. Watoto tisa, tulio hai sita, wajukuu tumehesabu mara tatu na kila tukihesabu inakuja namba nyingine. Imani ndo ilikuwa nyepesi kuliko vyote, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) tangu siku zake za mwanzo, sare yake ya kwanza ipo mpaka leo imebaki kama chandarua. Sasa nimefika kwenye kazi. Nimeandika mjasiriamali nikafuta, mkulima nikafuta. Hivi ni lazima wasifu wa marehemu uwe na kazi?

Mama Wawili
Pole sana kaka angu. Raha ya milele umpe ee Bwana. Andika mama wa nyumbani, na yenyewe ni kazi.

Mzee wa Salfa
Andika mkulima wa korosho imeisha hiyo, huku kwetu hata asiye na mche mmoja ni mkulima wa korosho. Mimi mama yangu alifariki msimu wa 2018, ule serikali iliposema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, basi magunia yetu yapo ghalani na sisi msibani hatuna hata ya sukari, ilibidi kidogo kilichobaki ndani tumpelekee jamaa wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, usiku, anapima kwa bakuli na bakuli lenyewe kalibonda chini ili lichukue zaidi. Sijawahi kumsamehe yule bwana. Dogo korosho mmepuliza lakini? Huu ndo muda.

Bi Mkubwa wa Lindi
Pole mwanangu. Sisi hatuna hayo ya wasifu, tunasoma hitma tunakula pilau. Ila mamangu alikuwa kungwi, siku ya arobaini mjomba mmoja wa bara akasimama kuuliza marehemu alikuwa anajishughulisha na nini, wanawake wote tukainamia sahani na shehe akashikwa na kikohozi mpaka akaletewa maji 😂

Kisu Butu
Mbona mnamjibu kabla hajasema? Kijana, mama alikuwa anafanya kazi gani?

Kitindamimba
Shughuli ndogondogo tu mkuu. Za vinywaji.

Kisu Butu
Juisi?

Kitindamimba
Hapana.

Kisu Butu
😂😂 Endelea tu, tuna bando.

Kitindamimba
Haya. Mama alikuwa anapika nipa, yaani gongo ya mabibo, lile tunda la mkorosho. Uraka pia, ile pombe ya maji ya mabibo, wakati wa msimu ila nipa ndo ilikuwa kazi. Zaidi ya miaka arobaini.

Kabla hamjanirukia sikilizeni. Mwaka 1974 tulivyohamishiwa kijijini mikorosho ya baba ikabaki kule mahame, kwenda na kurudi siku imeisha, msitu ukaimeza. Kidogo kilichookotwa baba alipeleka chama cha ushirika na hela ikarudi mfukoni kwake, alikuwa hana ubaya ila alikuwa na kiu. Mama akawa anasema korosho ya mwanaume, bibo la kwangu. Akaanza na chungu cha kuazima. Na mnajua maji ya Newala ya enzi zile, nipa bila maji ya kupoozea mrija ni mvuke tu, kwa hiyo alikuwa anashuka bondeni usiku wa manane na ndoo, anapanda nayo kichwani, asubuhi moto unawaka. Ile ya kwanza kutoka alikuwa anachovya kidole anarushia motoni, ikiwaka bluu anatingisha kichwa, ikiwaka njano anairudisha chunguni na haongei na mtu mpaka jioni. Kwaresima yote chungu kilikuwa kinalala kifudifudi. Jumatatu ya Pasaka anakiinua.

Sasa tatizo ni kaka yetu mkubwa. Ni padre. Misa anaongoza yeye. Kasema "weka mkulima" na simu akakata.

Mama Wawili
Mungu wangu. Kaka, gongo imeua watu wangapi? Mume wa dada yangu alipofuka macho. Siwezi kuisifia kwenye nyumba ya Bwana. Marehemu husitiriwa.

Fundi Chuma
Kwa hiyo padre kasomeshwa kwa mrija 😂 hapo kwenye mageuzo ya divai mimi nacheka

Bi Mkubwa wa Lindi
Fundi heshima, watu wana msiba.

Mzee wa Salfa
Ile ni kinyume cha sheria msisahau. Ila ukweli nipa ya Newala ilikuwa na jina lake. Mama alikuwa anaweka nini cha ziada?

Kitindamimba
Hakuweka kitu mzee, ndo maana alikuwa na wateja. Dada Mama Wawili pole kwa shemeji. Lakini ada ya seminari, bati, hata mchango wa kengele ya kigango umetoka kwenye chungu kile kile na paroko wa wakati huo alikuwa anajua. Anyway nadhani niache "mkulima wa korosho na mjasiriamali", si uongo, mikorosho alikuwa nayo.

Kisu Butu
Umeshachapisha eeh?

Kitindamimba
Nakala 150. Nimelipa nusu.

Kisu Butu
Sasa ushauri unaomba wa nini? Unataka tukuoshe mikono.

Kitindamimba
Nilitaka kusikia watu wengine wangefanyaje. Na kaka ni mkubwa kwangu, siwezi kumkalia kikao.

Ngarawa
Wakuu mnapigwa. ID ya juzi, uzi wake wa kwanza, mama mpika gongo mtoto padre, bado tu msichana kupata mimba tuite tamthilia. Na nimeona kwenye ule uzi wa mikoani kaandika kwamba siku mama anafariki chungu kilikuwa na mabibo yamelowekwa. Mwezi wa tano? Mabibo? Mimi nimezaliwa Masasi, mwezi wa tano mkorosho hauna hata ua. Mods ondoeni hii.

Fundi Chuma
Duh kumbe chai. Na mimi nilishaanza kulia.

Mama Wawili
Kama ni uongo Mungu anakuona, mtu hachezei kifo cha mama.

Kitindamimba
Ngarawa wewe umezaliwa Masasi ukakulia Dar. Mabibo yanaanikwa. Msimu ukiisha mama alikuwa na viroba vinne vya mabibo makavu darini, meusi yamekunjamana kama masikio ya mzee, unayaloweka siku kadhaa na kinachotoka ni kikali kuliko cha mabibo mabichi. Nipa haisubiri mwezi wa kumi. Muulize mtu mzima yeyote wa kwenu.

Mzee wa Salfa
Hapo kasema kweli. Darini kwa bibi yangu yalikuwepo, ukilala chini yake unaamka na kichwa.

Ngarawa
Kukaushwa nilijua. Nilikuwa napima tu.

Bi Mkubwa wa Lindi
Ulikuwa unapima nini baba, umezidiwa.

Kitindamimba
Wakuu nimerudi. Tulikuwa tunafungua sanduku la mama kutafuta rozari, chini ya kanga tumekuta daftari la wadeni. Alijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zimelala zote upande mmoja. Majina, chupa, tarehe, na msalaba kwa aliyelipa. Wengine ni wazee wa kigango, Jumamosi watakaa benchi la mbele.

Fundi Chuma
Liwe somo la pili hilo 😂😂

Kisu Butu
Kaka padre kaliona?

Kitindamimba
Nimempigia picha nikamtumia. Tiki mbili za bluu, kimya, kama nusu saa. Halafu kaandika: "Angalia ukurasa wa nne."

Nimeangalia. Baba. Chupa 2, 1981. Hakuna msalaba.

Stationari wanafunga saa kumi na mbili, ngoja nikimbie.