Tupeane uzoefu: nyie mnaoombea watu kimyakimya, huwa inakuwaje?

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Habari za jioni wapendwa. Niko Tanga, Makorora, kwenye kundi la waombezi kanisani kwetu nina miaka 9 sasa, na nisiwafiche mimi ndo nilikuwa yule wa maiki. Kama umewahi kulala mitaa yetu usiku wa mkesha ukasikia mtu ananguruma kwenye spika mpaka mbwa wanaitikia, basi huenda ni mimi, na raha yangu ilikuwa kesho yake watu wakisema "mtumishi jana ulishusha moto".

Mwaka jana mwezi wa saba sauti ikakata. Nikajua mafua, nikanywa tangawizi na asali, nikatafuna karafuu, wapi. Daktari akaniambia kwenye nyuzi za sauti kumeota vinundu, sababu ni kupiga kelele, nisiongee wiki 6 na hata kunong'ona nisinong'one. Sasa mwombezi bubu si sawa na mvuvi asiye na wavu? Ijumaa ya kwanza nilibaki nyumbani nimenuna, mkesha nausikia kwa mbali, wananiombea mimi kwa jina kabisa, na mimi huku nahesabu makosa ya yule aliyeshika maiki yangu. Nasema ukweli.

Nikaanza kwenda kanisani asubuhi saa 12 kwa sababu saa hiyo hakuna mtu wa kunisalimia nikashindwa kumjibu. Ndo nikamkuta bibi anayefagia. Namjua miaka yote, tunampa shikamoo tunapita. Mgongo umepinda kidogo, kanga kiunoni, ufagio wa chelewa mkononi, anafagia benchi kwa benchi, na kila benchi anasimama anashika ule ubao wa nyuma kwa mkono mmoja, midomo inacheza, halafu anasogea. Siku mbili nikajua anapumzika. Ya tatu nikaelewa kwamba bibi anajua nani anakaa wapi! Kwa mama mwenye mtoto wa sikoseli anakawia. Kwenye mabenchi ya kwaya anacheka kidogo. Kwa yule mzee anayelala kila mahubiri anapiga ubao mara mbili kama anamwamsha. Akafika mbele pale kwenye spika, ninaposimamaga mimi, akainama akaokota kifuniko cha chupa ya maji (changu, nani mwingine) akasimama na hicho kifuniko mkononi muda mrefu kuliko kote.

Nikamwandikia kwenye simu "hapa unaomba nini", akasema mjukuu wangu mimi bila miwani hayo ni sisimizi. Nikamuonyesha kwa ishara. Akasema, "Hapa nakuombea wewe, usije ukawa unajisikiliza mwenyewe." Akaendelea kufagia. Mimi nikatoka nikakaa chini ya mwarobaini mpaka jua likawa kali.

Wiki zile nikasoma habari za Hana kwenye Samweli wa kwanza, midomo inacheza sauti haisikiki mpaka kuhani Eli akadhani mama wa watu amelewa. Nilishaihubiri mara kibao ile na sikuwahi kujiuliza kwa nini Mungu alimsikia.

Basi tupeane uzoefu, hasa nyie ambao mnaombea watu na wenyewe hawajui. Shuhuda za gari na viwanja zina nyuzi zake, msinijazie hapa.

Mama wa Dunda

Shalom. Bagamoyo hapa, Mkatoliki. Sisi tuna ratiba ya kwenda kusali rozari Misheni, tunapita chini ya ile miembe ya zamani, wamama saba wa jumuiya, mara sita mara nne inategemea na mvua na wajukuu. Wageni wanaokuja kuangalia kanisa la zamani wanaonyeshwa pale mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na Uingereza, ndo maana panaitwa Mnara wa Livingstone, na waongozaji huwa wanasimulia kwamba wenzake walimkuta amekufa amepiga magoti kando ya kitanda kule Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wageni wanapiga picha. Mimi huwa nawafikiria zaidi akina Chuma na Susi na wenzao waliomfungua yale magoti wakambeba miezi na miezi mpaka baharini. Kuna maombi ya kupiga goti na kuna maombi ya kubeba mtu begani, sijui kama naeleweka.

Nasema hivyo kwa sababu sala yangu mimi ilikuwa ya kubeba. Jirani yangu mume wake ni mvuvi, Waislamu wale, tunakula futari pamoja na Krismasi wanapata pilau. Kuna mwaka kusi likavuma vibaya, dau halijarudi, siku ya kwanza, ya pili. Usiku wa pili niliingia kwake sikujua niseme nini. Yeye yuko kwenye msala, tasbihi mkononi. Mimi nikakaa ukutani na rozari yangu mfukoni nahesabu kwa vidole ndani kwa ndani ili nisimkwaze. Hatukuongea mpaka alfajiri, zaidi ya yeye kuniletea mto. Walirudi asubuhi, injini ilikuwa imezima wakasukumwa kaskazini huko. Mpaka leo sijamwambia nilikuwa nasali na yeye hajaniuliza nilikuwa nafanya nini kwenye mfuko wa gauni usiku kucha 😂

kijana wa Ngamiani

Mleta uzi nashukuru Mungu kwa hivyo vinundu (nisamehe). Nakaa barabara za juu huku, ukuta kwa ukuta na kanisa moja la mahema, mtoto mchanga ndani, spika imeelekezwa dirishani kwangu saa 9 usiku. Mimi ni mkristo mwenzenu lakini kuna usiku niliomba umeme ukatike. Ukakatika. Wakawasha jenereta.

Mkonge Mkavu

😂😂 hiyo nayo ni maombezi, endelea.

Mwana wa Muheza

Mimi niliambiwa na mchungaji nimwombee shemeji yangu. Huyu bwana alituzunguka kwenye shamba la baba, machungwa karibu ekari tatu, akauza upande wa barabarani bila kutuambia, hela hatukuziona. Mchungaji akanifungulia Ayubu sura ya mwisho, mstari wa 10, kwamba Ayubu mambo yake yaligeuka pale alipowaombea rafiki zake, wale wale waliokuja kumsimanga akiwa kwenye majivu. Nikasema sawa.

Wiki ya kwanza sala yangu ilikuwa "Bwana mbariki, ila usimzidishie". Sitanii. Ya pili nikaweza kulitaja jina lake bila kuuma meno. Nikawa namwombea nikiwa juu ya pikipiki nawahi Tanga mjini, kwa sababu nikipiga magoti nalikumbuka shamba. Kuna siku nikajikuta namwombea mguu wake, ana kisukari na kidonda hakiponi, na niliomba kabisa kwa uchungu, ndo nikashtuka kwamba leo sijataja machungwa.

Shamba halijarudi jamani. Niliona niseme mapema maana najua mnasubiri. Lakini juzi nilimpeleka kliniki mimi mwenyewe na tukala mihogo njiani, hatukuwa na cha kuongea sana.

Dada Chumbageni

Mimi naleta ya upande mwingine na naomba msinijibu kwa mistari. Kaka yangu aliumwa figo, tukafunga, familia nzima, mimi siku 21 kama Danieli. Alifariki siku ya 19. Ile ya 20 nilipika chai nikainywa nikiwa nalia. Kundi la maombi lililokuwa linakuja nyumbani (sio la kanisa letu) mmoja wao akaniuliza kama kuna dhambi sijaungama, maiti haijatoka hata mochwari. Nilikaa karibu mwaka siombi kitu, nahudhuria ibada nakaa tu.

Kilichonirudisha ni kidogo sana. Mama mmoja tulikuwa tunapanda naye daladala moja asubuhi kutokea Kange, siku moja akaniambia "mwanangu nakuombeaga, maana naona hapo kwako pamekauka". Hakuuliza kumetokea nini. Kumbe siku zote hizo alikuwa anakaa siti ya nyuma yangu makusudi. Sasa hivi sala yangu ni ile ya mtoza ushuru tu, Ee Mungu uniwie radhi mimi mwenye dhambi, kisha nataja majina mawili matatu ya watu waliofiwa. Sijarudi kwenye kufunga, sijui kama nitarudi.

Mama wa Dunda

Pole mwanangu. Sina mstari.

Fundi Baiskeli

Dada pole sana. Mimi nina neno moja kuhusu hawa wanaomwamuru Mungu "nakataa, nafuta, naachilia". Ibrahimu alipoiombea Sodoma alishusha bei kama yuko soko la Mgandini, wakiwa 50, wakipungua 45, 40, 30, 20, mpaka 10, lakini katikati anasema kabisa mimi ni mavumbi na majivu. Ujasiri anao ila anajua anaongea na nani. Nipo barabarani nagonga spoku siku nzima, na kila baiskeli inayoletwa namtajia Mungu mwenye nayo, yule muuza samaki, yule mwanafunzi, yule mzee anayenidai. Hawajui. Huyo anayenidai akijua atasema nianze kulipa.

Mkonge Mkavu

Nimesoma zote, dada wa Chumbageni yako nimeisoma mara mbili na nimenyamaza.

Niwape mrejesho. Sauti ilirudi nusu, nikipandisha inapasuka, kwa hiyo maiki anayo kijana mwingine na anafanya vizuri (bado anakosea zaburi, nimeacha kuhesabu). Bibi mwezi uliopita amechukuliwa na binti yake kwenda Pangani, macho yamepungua sana. Siku anaondoka aliniachia ule ufagio, hakufanya sherehe wala nini, aliuegemeza mlangoni akasema chelewa zikiisha uongeze. Nafagia mimi sasa, saa 12 kasoro. Shida ni kwamba mimi miaka yote nilikuwa natazama mbele, watu nawajua kwa nyuso tu wakiwa wamefumba macho. Benchi la 4 upande wa akina mama, lile lililopasuka pembeni, bibi alikuwa anakaa pale mpaka nadhani amesinzia na mimi sijui ni la nani. Jumapili nitakaa nyuma niangalie.