Gemu ya muuza kahawa: nianzie kaseti za njano, Game Boy, Mega Drive au PS2?

Mwana_wa_Kuze
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nataka kutengeneza gemu ya muuza kahawa wa Mji wa Kale. Anapita vichochoroni na dele lake, anagonganisha vikombe, na lazima awafikie wazee barazani kabla kahawa haijapoa. Ramani nimeshaichora kwenye daftari, kutoka soko la samaki, Ndia Kuu, mpaka Fort Jesus. Lugha ya programu ya C naijua kidogo, asembli, ile iliyo karibu na mashine yenyewe, siijui kabisa. Nyumbani ipo mashine ya kaseti za njano niliyoichezea utotoni, na bado inawaka. Kila ninayemuuliza anasifu mashine yake. Nyinyi mliokwisha kujaribu, mwanishauri vipi? Sitaki gemu ibaki kwenye laptopu. Nataka binamu zangu washike pedi.

fundi_wa_Makupa
Waaleikum salaam. Anza na hiyo uliyo nayo. Mashine hizo ni nakala za Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983. Prosesa yake ni ya ukoo wa 6502, na RAM ya kazi ni kilobaiti 2 tu. Ukitumia kaseti ya aina nyepesi kabisa, NROM, una kilobaiti 32 za programu na 8 za picha. Kwa gemu yako zatosha. Pakua cc65 uandike kwa C, uongeze maktaba ya neslib, na ujaribie kwenye emuleta ya Mesen, programu inayoiga mashine kwenye kompyuta. Vyote vya bure.

Lakini fikiria mapema habari ya spraiti, vile vipande vidogo vya picha vinavyotembea juu ya mandhari. Mashine huonyesha 64 kwa jumla, na haizidishi 8 kwenye mstari mmoja wa skrini. Mzee wa upana wa pikseli 16 anakula spraiti mbili. Ukiketisha wazee wanne kwenye baraza moja, mstari umejaa, na muuza kahawa akipita mbele yao kuna mtu atakatika. Kwa hivyo wazee wachore kwenye mandhari, kwa vigae, yaani vipande vidogo vya picha vilivyopangwa kama marumaru, kama sehemu ya baraza lenyewe. Spraiti muachie anayetembea.

Jingine lilinipotezea wiki nzima. Gemu yangu ya kwanza ilikwenda vizuri kwenye emuleta. Nilipoiweka kwenye mashine, pointi zikaanza na tarakimu za ajabu, na kila nikizima na kuwasha zinabadilika. Kumbe sikuisafisha RAM mwanzoni. Mashine ya kweli ikiwaka, RAM ina takataka zozote. Mesen ina mpangilio wa kuijaza ovyo makusudi. Uwashe tangu siku ya kwanza. Na kama mashine yako ni ya mfumo wa TV wa PAL, ina fremu 50 kwa sekunde, si 60, kwa hivyo mwendo na muziki vitapungua kasi usipovipangia.

dada_vigae
Kaka, mimi ningekwambia kabla ya kuandika gemu mpya, chokora ya zamani kwanza. Chukua kaseti unayoimiliki, toa nakala yake, uifungue kwa YY-CHR, programu ya kutazama picha za gemu. Utaona picha zote zimepangwa kwa vigae vya 8 kwa 8, na utajifunza jinsi wenzetu walivyobana nafasi.

Mimi nilianza kwa kubadilisha maneno yawe Kiswahili. Herufi zetu zote zimo tayari, ila alama ya ng' kwa gemu nyingine. Shida ni urefu. GAME OVER inachukua nafasi tisa. UMESHINDWA ni herufi kumi, na ile ya kumi ilikanyaga data iliyofuata, skrini ikaharibika. Nilikaa nikihesabu kwa vidole hadi nikapata UMEKWISHA. Tisa kamili! Siku hiyo nilifurahi mno. Ukitaka kuwapa wengine kazi yako, toa faili ya mabadiliko peke yake, ya IPS, usisambaze gemu yenyewe.

Bahari_Mbili
Mimi nasema Mega Drive ya Sega, ya mwaka 1988. Prosesa ya 68000, RAM kilobaiti 64, spraiti 80. Ukiwa na SGDK, vifaa vya kuiandikia gemu, waandika C safi bila kubanwa hivyo. Ila nakiri, hapa mjini kumpata mtu mwenye mashine nzima ni kazi.

kijana_wa_Kongowea
Mbona mwajitesa? PS2 iko kila mtaa. Ina megabaiti 32 za RAM, na kwa programu ya Enceladus unaandika kwa lugha ya Lua. Memori kadi ya FreeMcBoot, inayoiruhusu PS2 kuendesha gemu yako mwenyewe, fleshi ya USB, basi. Kule ninakocheza vijana wanapanga foleni hadi usiku, ndio wachezaji wako hao.

fundi_wa_Makupa
Kijana, hapo kwa wachezaji umesema kweli. Lakini PS2 za mwisho kabisa hazikubali FreeMcBoot, na USB yake ni ya 1.1, ya taratibu mno. Zaidi ya hayo, mtu wa gemu ya kwanza akipewa megabaiti 32 huanza kuongeza vitu na gemu haiishi. Nimewaona wengi.

dada_vigae
Game Boy nayo tusiisahau. GB Studio, programu ya kutengenezea gemu zake, haihitaji hata C, na gemu inatoka pia kama ukurasa wa kufunguliwa kwenye simu. Kama binamu wanaishi mbali, hiyo ndiyo njia. Kwa pedi mkononi, niko na fundi.

Mwana_wa_Kuze
Shukran nyote. Jana usiku nimefungua mashine, meno ya ndani yalikuwa ya kijani kwa chumvi ya bahari. Nimeyasugua kwa spiriti na pamba, picha imerudi. Nimeamua kaseti za njano. Swali moja: kanzu nyeupe, ngozi ya kahawia, mstari mweusi, rangi tatu za spraiti moja zimekwisha. Dele la shaba nalipaka nini?

fundi_wa_Makupa
Dele liwe spraiti yake peke yake. Una paleti nne za spraiti, yaani seti nne za rangi tatu tatu, mpe yake yenye njano. Upana utakuwa spraiti tatu badala ya mbili, na kwa sababu wazee wamo kwenye mandhari, mstari unabaki na nafasi tano. Kisha kabla ya kuagiza kaseti ya kuandikika, hesabu meno ya zako: 60 ni Famicom, 72 ni ile ya Marekani na Ulaya. Nyingi za njano ni 60.

Mwana_wa_Kuze
Nimehesabu, 30 kila upande. Leo nachora dele.