Wauza baiskeli Mbeya, 26 ni saizi ya gurudumu, SIYO ya fremu!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Unaingia dukani hapa mjini, unauliza fremu saizi gani, unajibiwa "Hii ni 26, kaka." 26 ni inchi za gurudumu! Gurudumu hilohilo linafungwa kwenye fremu ya mtoto wa sekondari na ya jitu la futi sita. Fremu hupimwa toka katikati ya krenki, zinapozungukia pedali, hadi juu linapochomekwa bomba la siti. Muulize hilo uone atakavyokukodolea macho.

Mimi ni mrefu. Nikauziwa fremu ya inchi 15, yaani sentimita 38, na maneno matamu: "Utapandisha siti tu, utazoea." Haya, tupige hesabu. Mguu wangu kwa ndani, toka msambani hadi sakafuni bila viatu, ni sentimita 86. Kanuni aliyoipa umaarufu Greg LeMond, yule Mmarekani aliyebeba Tour de France 1986, 1989 na 1990, inasema zidisha kwa 0.883. Unapata kama 76, ndicho kimo cha siti toka katikati ya krenki. Fremu imechangia 38. Nusu nzima iliyobaki ibebwe na siti na kibomba chake! Hapo kile kistari cha mwisho kwenye kibomba, kinachoonyesha mwisho wa kukivuta juu, kimeshatoka nje zamani, na hakikuwekwa kwa urembo: kikionekana, bomba linaweza kukatika au kupasua fremu. Sasa shuka Mlima Iwambi kwenda Mbalizi, malori nyuma yako, siti ing'oke. Nitazoea nini hapo?

Fundi wao akaishusha hadi kistari kikazama, akasema tayari. Tayari ya nini? Siti ikiwa chini mno goti halipati kunyooka, maumivu yanakaa mbele ya goti, na kurudi mjini ni kupanda tu.

Na hata ningepata bomba refu, fremu bado ni fupi kwenda mbele. Siti inapanda, usukani uko palepale, mgongo unapinda, uzito wote viganjani hadi vidole vinakufa ganzi. Ukibadili shingo ya usukani unapata nafuu ya sentimita chache, basi.

Kupima ni dakika mbili na futi kamba ya fundi cherehani. Mteja akae juu, ashikiliwe, kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Viatu vya mtumba pale Sido unajaribu mpaka uridhike, baiskeli ya laki kadhaa unakatazwa hata kuipanda eti tairi zitachafuka!

Nimeirudisha, naambiwa mali ikishauzwa hairudi.

Mwenye kujua ilipo fremu ya inchi 19 au 20, hata ya mtumba, Uyole, Tunduma, hata Makambako nitaifuata, aje PM. Ila aipime kwanza kwa futi, asiniambie 26.