Simu za mkopo Kigoma: mnadai kila siku hata ziwa likifungwa?

Wakuu, mimi sijakopa simu. Yangu ni kitochi, nilinunua keshi Mwanga. Ila wiki hii nzima napigiwa na kampuni moja ya simu za mkopo kama mwizi: "Dada, mwambie mtu wako alipe, la sivyo tunakufuata wewe." Kumbe mdogo wangu aliandika namba yangu kama mdhamini bila kuniambia. Huyo tutamalizana nyumbani.

Wakala anakaa sokoni na mwavuli wake, anapaza sauti: kianzio elfu sitini, halafu elfu moja mia nne tu kwa siku! Dogo akisikia "buku na mia nne" anaona ni hela ya chai na chapati. Zidisha sasa kwa siku 365: ni 511,000. Weka na kianzio, 571,000. Duka la pili yake simu ileile ni laki tatu taslimu. Nimemuuliza wakala mbona jumla haitaji, ananijibu iko kwenye mkataba. Mkataba wenyewe umo ndani ya simu, kwa Kiingereza, na usipobonyeza kukubali simu haiendelei.

Kinachonichefua zaidi ni hiyo "kila siku". Dogo anavua dagaa Kibirizi. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, watu wanalala. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sawa, hilo silipingi. Lakini kwa 1,400 kwa siku, miezi hiyo mitatu ni karibu laki na thelathini, kutoka kwa mtu ambaye hajashusha wavu! Mkopo gani unapangwa Kibirizi bila kuuliza habari za mwezi wala ziwa?

Ukichelewa wanaifunga simu. Laini utaihamishia kwenye kitochi, ila picha za mzigo na wateja wa WhatsApp ndiyo basi. Yaani wanakufungia kilekile ambacho kingekuletea hela ya kuwalipa.

Na nyie vijana mna lenu. Simu ikifungwa, mnakimbilia programu za mikopo kukopa ili muifungue, halafu mnakopa kwingine kulipa ile. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nani kijiweni aliisoma ile orodha? Mnasoma odds.

Sasa swali langu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na Tume yake ipo. Namba yangu imetumika bila ridhaa yangu, na simu walizonipigia nimezirekodi. Kuna aliyewahi kufungua malalamiko kama haya akiwa huku mkoani bila kupanda treni kwenda Dodoma? Aniambie alianzia wapi.