Naomba ushauri: nimejifunza kuunda programu za biashara, nielekee wapi?

Habari zenu wakubwa. Nakaa Kayole, Nairobi, na kwa miaka miwili nimejifunza Python (lugha ya kuandikia programu) na SQL (lugha ya kupanga na kutafuta data) peke yangu, usiku baada ya kazi. Nimemwundia mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi programu ya stoo: akiuza kilo mbili za misumari, hesabu inapungua papo hapo, na malipo ya M-Pesa yanakaa kando na pesa taslimu. Daftari ameliacha kabisa, nilifurahi mno! Sasa anataka risiti ziingie eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), nami nimekwama hapo. Je, kazi hii mnatoza mara moja au kila mwezi? Na bila cheti, kampuni zitanisikiliza? Aliyepitia njia hii anielekeze tafadhali.